Pigo la Mraba Linapogeuka Paa la Nyumba

Fungua Octave, programu ya kompyuta ya kufanya hesabu na kuchora grafu, andika mistari hii mitatu, kisha bonyeza Enter:

    t = 0:0.005:0.1;
    y = 5*(mod(t, 0.02) < 0.0015);
    plot(t, y)

Ulichokusudia ni mapigo ya umeme ya kuongoza mota ya servo, yaani mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza: volti 5 kwa milisekunde 1.5, kisha sifuri, na pigo jingine kila zinapotimia milisekunde 20. Kitabuni pigo hilo huchorwa kama kisanduku. Linapanda wima, linatambaa juu, linashuka wima. Kwenye kioo chako imetokea safu ya mapaa ya nyumba yenye ncha kali, kila paa na kitako cha milisekunde 10. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu programu imefanya ulichoagiza, herufi kwa herufi.

Mchoro huo nami niliwahi kuukabidhi, mwaka wangu wa pili chuoni, ndani ya ripoti ya maabara, na chini yake nikaandika kwa kujiamini "mapigo ya mraba". Msahihishaji alizungushia neno "mraba" kwa wino mwekundu, akaweka alama ya kuuliza, akaendelea na ripoti ya mwenzangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa halikuwa kwenye fomula.

Kwa Octave hakuna kitu kinachoitwa pigo. Kuna orodha mbili za namba, basi. Mstari wa kwanza hapo juu umeunda orodha ya nyakati 21: sifuri, milisekunde 5, 10, 15, hadi 100. Mstari wa pili unaupitia kila wakati na kuuliza swali moja. Amri ya mod inatoa baki la kugawanya kwa 0.02, yaani muda uliopita tangu pigo la karibuni lianze. Alama ya "ndogo kuliko" inajibu kama muda huo haujafika milisekunde 1.5: ndiyo ni 1, hapana ni 0. Ukizidisha kwa 5 unapata volti. Mwisho wa yote una orodha ya pili yenye namba 21, sita kati yake ni 5 na kumi na tano ni sifuri. Hayo ndiyo yote ambayo kompyuta inayajua kuhusu ishara yako.

Kisha inakuja amri ya plot, nayo kazi yake ni ya mtoto aliyepewa rula: inaweka nukta, inaunganisha nukta na jirani yake kwa mstari ulionyooka. Kati ya milisekunde 15, ambako kuna sifuri, na milisekunde 20, ambako kuna 5, hakuna aliyeiambia kitu. Inakisia. Inapandisha mlima. Mlima huo haumo kwenye data yako wala kwenye waya wa servo. Umezaliwa na rula.

Kwa mchepuko mdogo: wengi hudhani jina Octave limetoka kwenye muziki. Limetoka kwa Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemia nchini Marekani aliyesifika kwa kufanya hesabu ngumu za makadirio nyuma ya bahasha. John W. Eaton, aliyeanza kuiandika programu hii mwaka 1992, aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Inatolewa bure, na sehemu kubwa ya lugha yake inalingana na ile ya MATLAB, inayouzwa na kampuni ya MathWorks tangu 1984. Karibu kila msimbo ulio hapa utafanya kazi huku na kule, tofauti kubwa ikiwa ni leseni.

Rudi kwenye rula. Kuna amri nyingine mbili za kuchora ambazo anayeshughulika na mapigo angepaswa kuzijua kabla hata ya plot. Ya kwanza ni stem. Hii haiunganishi chochote: inasimamisha kijiti kwenye kila nukta na kukivisha kichwa. Si nzuri kwa macho, na data ikiwa ndefu inageuka ufagio, lakini ni mkweli kuliko wote, maana unaona ulichonacho tu. Ya pili ni stairs, inayochora ngazi. Inashika thamani ya nukta moja hadi ifike nukta inayofuata, ndipo inapanda au kushuka wima.

Jaribu stairs kwenye data ile ile ya mwanzo. Mapaa yatatoweka na visanduku vizuri vitatokea. Hapa ndipo mtu hushangilia mapema. Pima upana wa kisanduku: ni milisekunde 5. Uliagiza 1.5. Sasa una picha nzuri ya pigo ambalo si lako, na picha hiyo ni ya hatari kuliko mapaa, kwa sababu haikushtui. Servo nyingi za kawaida husoma upana wa pigo kama amri: milisekunde 1 ni kwenda upande mmoja, 2 ni upande wa pili, 1.5 ni kusimama katikati. Milisekunde 5 haimo kabisa kwenye lugha hiyo.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kuchora peke yake. Ni mara ngapi umechungulia.

Chukua mlinzi aliyeko kibandani, mbali na kituo cha daladala. Kila baada ya dakika 20 daladala inafika, inasimama dakika moja na nusu, inaondoka. Mlinzi ameambiwa aandike daftarini kama ipo au haipo, lakini anachungulia dirishani kila baada ya dakika 3 tu. Anachungulia dakika ya 0: ipo. Dakika ya 21, imefika dakika moja iliyopita: ipo. Iliyofuata ilifika dakika ya 40, lakini yeye alichungulia dakika ya 39, ikawa bado, akarudi dakika ya 42, ikawa imeshaondoka. Dakika ya 60: ipo. Dakika ya 81: ipo. Daftari lake litaapa kwamba daladala ya tatu haikuja siku hiyo.

Badilisha dakika ziwe milisekunde, uandike 0:0.003:0.1 mahali pa 0:0.005:0.1, na ndivyo Octave itakavyokuonyesha: pigo la kwanza, la pili, pengo refu, la nne, la tano. Nimekuta watu wakihariri fomula saa nzima wakitafuta kilicholila pigo la tatu. Fomula haina hatia. Mchunguliaji ndiye aliyekuwa amelala.

Hata hatua (muda kati ya nukta na nukta) ya milisekunde 1, ambayo kwa mtu wa kawaida inasikika ndogo sana, haitoshi. Nukta za 0 na 1 ziko ndani ya pigo, ya 2 iko nje. Kwa ngazi za stairs hilo ni pigo la milisekunde 2 kamili: servo uliyoitaka isimame katikati imepewa amri ya kwenda mwisho kabisa. Na ukibadilisha upana kutoka 1.5 hadi 1.2, mchoro hautatikisika hata kidogo, kwa kuwa nukta zilizo ndani ni zile zile mbili. Kwa hatua hiyo pembe zote zilizo kati ya 1 na 2 zimefutwa.

Kanuni inayofundishwa darasani ni ya Nyquist na Shannon: chukua sampuli, yaani chungulia, kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya juu kabisa yaliyomo kwenye ishara. Ni kanuni ya kweli, lakini kwa pigo la mraba haina pa kushika, kwa sababu ukingo ulio wima una masafa yasiyo na mwisho. Hakuna "masafa ya juu kabisa" ya kuzidisha kwa mbili. Kwa kazi hii napendelea kipimo cha kifundi: tafuta badiliko dogo kabisa la muda unalolijali, kisha chagua hatua inayoingia ndani yake mara moja au zaidi. Kama kwenye servo unataka kutofautisha 1.50 na 1.55, hatua ya milisekunde 0.05 ndiyo ukomo wa chini wa uaminifu. Hiyo ni sampuli 20,000 kwa sekunde, kazi nyepesi hata kwa laptopu ya zamani.

Sasa andika upya, safari hii kwa namna nyingine:

    kasi = 20000;
    kipindi = 400;
    upana = 30;
    n = 0:1999;
    y = 5*(mod(n, kipindi) < upana);
    t = n/kasi;
    stairs(t*1000, y)
    ylim([-1 6])

Angalia kilichobadilika. Sijahesabu tena kwa sekunde. Nimehesabu sampuli: milisekunde 20 ni sampuli 400, milisekunde 1.5 ni sampuli 30, na muda nimeurudisha mwishoni kwa ajili ya mhimili wa chini tu. Sababu yake ni ya msingi kuliko urembo wa msimbo. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na katika mfumo huo sehemu kama 0.1 au 0.02 haiandikiki kamili, kama vile theluthi isivyoandikika kamili kwa desimali zetu. Unga wa makombo hubaki. Katika Octave, 3*0.1 == 0.3 inajibu 0, yaani si kweli. Katika lugha ya Python, baki la 0.06 % 0.02, ambayo mtoto wa shule atakuambia ni sifuri, inatoa 0.019999 na ushei. Maana yake ni kwamba wakati wa milisekunde 60, ambapo pigo la nne linapaswa kuanza, hesabu inaamini kwamba pigo la tatu ndiyo kwanza linamaliza kipindi chake. Sampuli ya kwanza ya pigo inapotea, na kama hatua yako ni pana, limepotea pigo zima. Amri ya mod ya Octave hujaribu kusamehe makombo ya aina hii, ya Python haisamehi. Mimi sitegemei msamaha. Namba kamili hazina makombo: baki la 1200 kwa 400 ni sifuri leo na kesho, kwenye mashine yoyote.

Faida ya pili ni kwamba unaweza kukagua bila kutazama picha. Andika sum(y > 0): inapaswa kujibu 150, yaani mapigo 5 ya sampuli 30. Andika mean(y)/5: inapaswa kujibu 0.075, maana umeme uko juu kwa asilimia 7.5 ya muda. Kwa wanaopunguza mwanga wa taa au mwendo wa mota kwa njia ya PWM, yaani kuwasha na kuzima umeme harakaharaka, hiyo asilimia ndiyo kila kitu, na namba haidanganywi na rula. Ukikagua ile ishara ya hatua ya milisekunde 1 kwa njia hii, utaona asilimia 10 hivi badala ya 7.5 na utajua mara moja.

Mtego mmoja upo karibu hapa, na umewanasa wazoefu. Wengine huunda muda kwa linspace(0, 0.1, 2000) wakiamini wamepata hatua ya milisekunde 0.05. Hawajapata. Nukta 2000 zina nafasi 1999 kati yake, kama vidole vitano vilivyo na nafasi nne, kwa hiyo hatua ni kubwa kidogo kuliko unavyodhani, na mbele ya safari kingo za mapigo zinaanza kuhama. Kwa mapigo matano huoni kitu. Kwa mapigo elfu yenye hatua hiyo hiyo unaona.

Kuhusu ylim: ukiiacha, mara nyingi Octave itaweka kilele cha mchoro kwenye 5 na sakafu kwenye 0, na mistari ya juu na ya chini ya pigo italala juu ya fremu ya grafu isionekane. Utaona nguzo zilizo wima bila dari, uanze kutafuta kosa lisilokuwepo. Na nukta mkato mwishoni mwa mstari si pambo. Isahau kwenye mstari wa y, uletewe namba 2000 kwenye kioo.

Pigo moja peke yake, lisilojirudia, lina zana zake kwenye kifurushi cha signal, unachokiita kwa pkg load signal. Ndani yake kuna rectpuls kwa pigo la mstatili, tripuls kwa la pembetatu, gauspuls kwa wimbi lililofungwa ndani ya kengele ya Gauss, mfano wa aina ya mapigo yanayorushwa na mashine ya altrasaundi, na pulstran ya kupanga nakala nyingi za pigo moja. Zinarahisisha kazi, ila zina tabia moja ya kuizoea: pigo la rectpuls limekaa katikati ya sifuri. Ukiomba upana wa 0.2 na muda wako unaanzia 0, utapata upana wa 0.1 tu, kwa sababu nusu ya pigo iko kabla ya kuzaliwa kwa saa yako. Lisogeze: rectpuls(t-0.5, 0.2). Ishara ya kutoa ndiyo inayolipeleka mbele, na hapo wengi huandika kujumlisha.

Tuuguse sasa ule ukingo ulio wima. Nilisema una masafa yasiyo na mwisho. Unaweza kuliona jambo hilo kwa kulijenga pigo kutoka kwenye mawimbi laini, ukitumia n na kipindi vya hapo juu:

    w = 2*pi*n/kipindi;
    s = zeros(size(w));
    for k = 1:2:49
      s = s + (4/pi)*sin(k*w)/k;
    end
    plot(n, s)

Hapa plot ina haki yake, maana ishara ni laini. Mawimbi 25 yamejumlishwa, na kinachotokea ni mraba wenye mapembe: kila ukingo, kabla ya kutulia kwenye 1, unaruka hadi karibu 1.18. Mtu atafikiri mawimbi hayatoshi. Ongeza k ifike 199. Pembe linakonda, linausogelea ukingo, lakini halifupiki. Litaendelea kuzidi kwa takriban asilimia 9 ya urefu wa mruko, uongeze mawimbi kadiri upendavyo. Usivuke 199 kwa sampuli hizi lakini, kwa sababu wimbi la 201 linakwenda mara 10,050 kwa sekunde, nawe unachungulia mara 20,000. Mlinzi ameanza kusinzia tena.

Mwaka 1898 Albert Michelson, mwanafizikia aliyekuwa ameunda mashine ya gia na springi ya kujumlisha mawimbi 80, alilalamika katika jarida la Nature kuhusu tabia ya mijumlisho hii mahali penye mruko. J. Willard Gibbs akaeleza jambo lenyewe mwaka uliofuata, na jina lake likabaki nalo. Baadaye ikaonekana kwamba Mwingereza Henry Wilbraham alikuwa ameshalichapisha mwaka 1848, na hakuna aliyemsikiliza. Ukiona mapembe haya kwenye pigo lililopita katika kichujio (kinachozuia baadhi ya masafa), usiende kurekebisha msimbo. Kichujio kimekata masafa ya juu ghafla, na hiyo ndiyo risiti yake.

Baada ya servo, zoezi ninalolipenda ni rimoti ya televisheni, kwa sababu kila nyumba inayo. Rimoti nyingi hutumia mpangilio uitwao NEC. Ujumbe unafunguliwa na pigo refu la milisekunde 9, kisha kimya cha 4.5, ndipo zinafuata sifuri na moja. Zote mbili zinaanza na pigo la mikrosekunde 562.5, zinatofautiana kwenye kimya kinachofuata, ambacho kwa sifuri ni kirefu sawa na pigo na kwa moja ni mara tatu yake. Kwa sampuli 20,000 kwa sekunde, mikrosekunde 562.5 ni sampuli 11.25, na robo ya sampuli haipo duniani. Punguza kasi iwe 16,000, na ghafla kila kitu kinakaa sawa: pigo ni sampuli 9, kimya cha moja ni 27, ufunguzi ni 144 na 72. Kasi ndogo imeshinda kubwa, kwa sababu inagawanyika vizuri. Hapo huhitaji hata mod. Unaunganisha vipande kama shanga:

    anza   = [ones(1,144) zeros(1,72)];
    sifuri = [ones(1,9) zeros(1,9)];
    moja   = [ones(1,9) zeros(1,27)];
    y = [anza sifuri moja moja sifuri];
    stairs((0:numel(y)-1)/16, y)
    ylim([-0.2 1.2])

Mhimili wa chini ni milisekunde, na huo ni mwanzo tu wa ujumbe: ujumbe kamili una sifuri na moja 32. Linganisha na kinachotoka kwenye kipokezi cha rimoti ukikiunganisha na osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, umbo litakuwa lile lile lililopinduliwa, maana vipokezi vingi hushusha umeme pale taa inapowaka.

Lakini ndani ya kila pigo, taa ya rimoti haiwaki mfululizo. Inapepesa mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi kiitambue katikati ya jua na taa za sebuleni. Ukitaka kuuchora mpepeso huo nao, usiuzidishe juu ya y hii. Kwa sampuli 16,000 Octave itakuchorea bila kusita mawimbi mazuri, yaliyopangika, ya mara 6,000 kwa sekunde, ambayo rimoti yako haijawahi kuyatoa.